Kaburi la Chemchemi

Dada yangu Renatha alijenga kaburi chini ya mteremko wa baba yetu, jirani kabisa na chemchemi, na ndani yake hakulazwa mtu. Ninaanza na jambo hilo kwa sababu ndilo watu wa Kamachumu walilolijua kuhusu yeye, hata wale ambao hawakuwahi kuona kazi nyingine ya mikono yake. Wapo waliosema akili zimemruka. Wapo waliosema anamwita mtu afe. Mimi ni mdogo wake, Gozbert, mrithi wa marehemu baba yetu Rugaibula, na siku vijana walipoteremka na nyundo kwenda kulivunja nilikuwa bado nimevaa sare ya kwaya.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka Misa ya kwanza. Mbele alitangulia baba mkubwa Rutaihwa, kaka wa baba yetu na msemaji wa ukoo, na fimbo yake. Vijana wa ukoo walimfuata na nyundo zao. Nikakimbia nyuma yao, kanzu ya kwaya nimeikunja mkononi isiburute kwenye umande.

Renatha alikuwa ameketi juu ya kaburi lake, miguu ikining'inia, anatafuna kahawa.

"Shuka hapo," baba mkubwa akasema.

"Kaije, waitu baba mkubwa. Karibu kahawa." Akamkaribisha hivyo kwa heshima ya Kihaya, akanyoosha kiganja chenye punje.

Kwetu kahawa ya mwenyeji haikataliwi. Baba mkubwa aliiangalia kama mtu anayeonyeshwa nyoka.

"Sitafuni kahawa kwenye kaburi la mtu ambaye hajafa."

"Basi itafunie pale pembeni." Kisha akawageukia vijana. "Isaac, hiyo nyundo ya mpini mwekundu ni yangu. Si uliiazima ya kutengenezea banda la nguruwe?"

Isaac akaitazama nyundo kama ndiyo kwanza anaiona. "Nitairudisha, dada."

"Unairudisha kabla ya kunivunjia, au baada?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Baba mkubwa akagonga fimbo chini. "Mnacheka nini? Huyu ameweka nafasi ya jina hapo kichwani, hajaandika jina. Kila anayepita anajiuliza ni la nani. Wewe, unataka liwe lako?"

Kicheko kikaisha. Hata mimi niliiangalia ile nafasi. Ilikuwa imepakwa saruji nyeupe, laini, imezungushiwa vipande vya buluu, na ndani yake hamna kitu. Sitasema uongo: nilifanya ishara ya msalaba.

Hapo tukasikia sauti ya mama yetu kutoka juu ya njia. Ma Klaudia alikuwa amesimama kwenye migomba ya mwisho, amejifunga kitenge cha kanisani, na hakutaka kuteremka hata hatua moja zaidi.

"Livunjeni!" akapiga kelele. "Rutaihwa, livunje hilo dude kabla halijala mtu! Renatha, mwanangu, nimekukosea nini?"

Renatha akaacha kutafuna. Matusi ya baba mkubwa aliyazoea, lakini hayo ya Ma yalimwingia. Nikamwona Isaac ameinua nyundo.

"Ardhi hii iko mikononi mwangu," nikasema. "Hakuna atakayevunja kitu mpaka nimwulize Padre."

Baba mkubwa akaninyooshea fimbo. "Mwulize upesi," akasema. "Byarugaba hasubiri mapadre."

Niseme sasa Byarugaba ni nani na walikuwa wanataka nini. Yeye ni mfanyabiashara wa mbao kutoka Bukoba. Mteremko wa juu wa jirani zetu alikwisha kuununua na kuupanda mikaratusi, na sasa alitaka wa kwetu, na baba mkubwa alitaka tumwuzie. Sehemu hiyo si kibanja, ni rweya, yaani uwanda wa nyasi tunakokata majani ya kutandika nyumbani. Kibanja chenye migomba na makaburi ya wazee hakiuzwi kwa mtu wa nje, kwa sababu waliolala humo bado ni wenyeji. Lakini rweya haina mtu aliyelala. Inauzwa kama shati. Na chemchemi yetu, inayonywesha kaya zote za upande ule, iko kwenye rweya.

Mikaratusi ya juu ilipoanza kurefuka, maji yalianza kupungua. Nilipokuwa mdogo dumu lilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na mtu uliyemkuta pale, na salamu za Kihaya unazijua zilivyo ndefu. Siku hizi unaweza kumaliza rozari nzima na dumu bado liko nusu. Ikipandwa na huku chini, tungebaki na tope.

Renatha aliliona hilo mapema kuliko sisi, kwa kuwa hakuwa akiishi pale. Alikuja mara moja moja kutoka Nshambya, Bukoba mjini, na kila akija alikuta maji yamepungua. Sisi tuliokuwepo kila siku tulizoea.

Alikuwa ameolewa Izimbya. Mumewe alipofariki, bila mtoto, shemeji zake walimtolea vitu nje ili wachukue kibanja. Vyombo vyake vilitupwa uani pamoja na sanduku. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta amepiga magoti kwenye majani, anaokota vipande vya sahani mpaka vile vidogo kama ukucha na kuvifunga kwenye khanga. Nikamwambia, "Dada, vimeshavunjika hivyo. Twende."

"Nimeona kwamba vimevunjika," akasema. "Nani amekwambia sivitaki?"

Alipanga chumba Nshambya, akajifunza kazi kwa fundi wa marumaru mjini. Aliweka sakafu za watu na makaburi ya watu, kazi safi, mistari imenyooka. Jioni alipanga vipande vyake vya Izimbya kwenye ubao mpaka vikawa picha ya mwanamke aliyebeba mlango mgongoni kama mtoto. Watu walikuja kuutazama ule ubao. Wajane walikuja na kukaa mbele yake, halafu wakaenda zao.

Lilipokuja tetemeko la mwaka 2016, nyumba nyingi za Bukoba zilianguka, na vyombo vya watu vikawa chengachenga. Renatha alipita nyumba kwa nyumba akiomba vilivyovunjika. Jirani yake Nuriat, aliyepoteza kuta za pande mbili, alimpa bakuli lililopasuka na kumwambia, "Chukua, lakini usiniweke kwenye picha ya kulia. Nimeshalia vya kutosha." Renatha akamweka kwenye picha ya jogoo. Nuriat alicheka sana alipomwona jogoo yule mwenye mkia wa bakuli lake.

Baadaye alijenga samaki mkubwa ufukweni Bukoba, kwa fito na nyavu zilizotupwa. Ulikuwa unaingia mdomoni mwake kwa kuinama, na tumboni unakuta kandambili, chupa za plastiki, mifuko, vyote vilivyookotwa mchangani pale pale. Watoto walimwingia samaki yule wakicheka na kutoka wamenyamaza. Mimi nilikuwa namwombea apate mume mwingine. Yeye alikuwa anaomba taka.

Kwa hiyo alipoanza kubeba mchanga na saruji kupeleka rweyani, nilidhani anajengea chemchemi ukuta. Alipomaliza tukaona kaburi. Lilikuwa na umbo lile lile la makaburi yetu, lakini juu, badala ya marumaru, alikuwa amepanga picha ya mto wa maji: buluu ya sahani, kijani cha chupa, nyeupe ya vikombe. Mto ulianza mpana kichwani, ukawa mwembamba, na miguuni ukaisha kwenye vipande vya tofali la kuchoma. Kulizunguka alisimamisha nguzo za mkaratusi na kuning'iniza madumu makavu, kila moja na kokoto ndani. Upepo ukivuma yalilia kro, kro, kro, mpaka nyumbani tulikuwa tunayasikia. Na pembeni alipanda milamula, ule mti wetu wa kuwekea mipaka, ambao ukishapandwa mtu mwenye adabu haung'oi.

"Ni kaburi la maji," aliniambia. "Nimelijenga mapema, ili tulione wakati bado tunaweza kulikataa."

Nilimwendea Padre Karugendo siku ile ile ya nyundo, bado nina hasira na hofu. Nilimkuta anakula. Nikamweleza kila kitu: kaburi, nafasi ya jina, maneno ya mama, na kwamba kichwani Renatha ameweka msalaba wa vipande vya chupa.

"Padre, si dhambi? Kaburi tupu lenye msalaba?"

Akaweka kijiko chini. "Gozbert, wewe ni mwanakwaya. Pasaka huwa mnaimba kuhusu kitu gani?"

Nikaitazama kanzu yangu ya kwaya.

"Kaburi tupu," Padre akasema, akaendelea kula. "Nenda ukawaambie mimi sioni dhambi. Ila mama yako umwendee polepole. Huyo haogopi dhambi. Anamwogopea mtoto wake."

Nilirudi na maneno hayo, na vijana wakarudisha nyundo, ile nyekundu ikiwemo. Baba mkubwa alisema atasubiri. Lakini Ma hakumsemesha Renatha tena. Renatha alipokuwa jikoni, yeye alikaa sebuleni. Na alipokwenda kisimani, alikwenda cha mbali, kule kwa Waluteri, akapanda kilima na ndoo kichwani ili tu asipite mbele ya lile kaburi.

Halafu Renatha akaugua.

Uvimbe ulikuwa tumboni muda mrefu na yeye alikuwa anaufunga kwa khanga akiendelea na kazi. Walipompasua hospitali walimfunga tena bila kuutoa. Nikamleta nyumbani Kamachumu. Unaweza kuwaza yaliyosemwa. Hata sokoni watu walinyamaza nikipita na ndizi zangu. Mwanamke mmoja aliniambia usoni, kwa huruma kabisa, "Pole. Sasa jina limepatikana."

Ma alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza. Bado hakumsemesha. Alikuwa anasali kwa sauti huku anamhudumia, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Alasiri moja, Ma akiwa nje anaanika kahawa, Renatha aliniita. "Gozi." Ndivyo alivyoniita tangu tukiwa wadogo. "Utanizika wapi?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Jibu swali."

Nilikuwa nimeshalifikiria na niliona haya kwamba nimelifikiria. "Ukilala kule chini, hakuna atakayepauza," nikasema. "Rweya itakuwa na mtu."

"Ndiyo. Na sitaki."

"Kwa nini? Si ulijenga kwa ajili hiyo?"

"Nilijenga watu waone. Sikujenga nikalale." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa zinamchosha. "Ukinizika pale watasema nilijichimbia. Kila mama atamwambia binti yake, usiguse vigae, huoni Renatha? Hakuna msichana wa hapa atakayeishika kazi hii tena. Nizike kwa tata. Niahidi."

Tata ni baba yetu, aliyelala kibanjani. "Na maji?"

"Niahidi, Gozi."

Rozari ilikuwa mkononi mwangu. Niliahidi. Kisha nikatoka nikaenda migombani, na huko nilimwuliza Mungu kwa nini ananipa ahadi moja inayoua kitu kingine.

Alifariki asubuhi, amepakwa mafuta ya wagonjwa, mkono wake ndani ya mkono wa Ma.

Msiba ulijaa. Walikuja wajane wa Izimbya, alikuja Nuriat na majirani wa Nshambya, walikuja mafundi wa marumaru. Byarugaba naye alikuja na gari lake, akatoa pole kwa adabu, kisha akasimama mahali ambapo mteremko unaonekana vizuri. Chini ya turubai ukoo ulikaa kuamua mahali pa kuchimba.

Jambo la ajabu ni kwamba watu walikuwa wamebadilishana viti. Wanawake wanaochota maji pale, waliokuwa wakilitemea mate lile kaburi, ndio waliosema azikwe humo. "Alilijenga mwenyewe, mpeni!" mmoja wao akasema kutoka nyuma. Na baba mkubwa, aliyetaka kulivunja, alikuwa amejaa upole.

"Binti yetu ataachwaje peke yake rweyani kama mgeni?" akasema. "Atalala karibu na baba yake. Au mrithi anasemaje?"

Wote wakanigeukia. Wale wanawake walinitazama kama watu wanaotazama dumu lililo chini ya maji yanayodondoka. Neno moja tu la uongo lingetosha: kwamba Renatha aliniambia anataka kulala kule. Nani angebisha? Maiti haibishi. Chemchemi ingepona. Nilimwona Byarugaba kwa pembe ya jicho ameacha kuchezea funguo zake.

"Aliniomba nimzike kwa tata," nikasema. "Nilimwahidi."

Minong'ono ikapita kwa wanawake. Nuriat alifunika uso. Baba mkubwa akasema, "Mmesikia wenyewe," na akaniwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa mzito kama gogo.

Ma Klaudia alikuwa ameketi kwenye majani, kichwa kimefunikwa. Alinyanyuka bila kushikwa, akawaendea wachimbaji. Nilimwona anawaonyesha kwa kidole mahali pa kuchimba, upande wa kushoto wa kaburi la baba. Nilitaka kumfuata nimwambie kitu, lakini Padre alikuwa amefika na ibada ikaanza.

Tulimzika. Tuliimba. Nilitupa udongo wangu na nikaomba apokewe na Yule anayejua kuunganisha vilivyovunjika. Padre alipomaliza baraka, na baba mkubwa alipokuwa anajiandaa kutoa shukrani za ukoo, Ma akasimama kando ya udongo mbichi.

"Rutaihwa, shemeji yangu, nina neno."

"Sema, waitu."

"Umesema mwanangu alale karibu na baba yake. Nimetii. Nafasi hii ya kushoto mume wangu aliniachia mimi. Kila mtu wa ukoo huu anajua."

Ni kweli tulijua. Baba aliionyesha akiwa hai. Katika kilio kile hakuna aliyekumbuka.

"Sasa yupo mwanangu," Ma akasema. "Mimi nimebaki sina mahali."

Baba mkubwa akatabasamu kwa shida. "Shemeji, kibanja ni kikubwa. Utapata..."

"Nimeshapata. Kule chini kuna nyumba imejengwa, imepambwa, haina mtu. Ndiyo yangu. Nikifa mtanilaza kule kwenye maji, na nimesema mbele ya Padre na mbele ya hawa wote."

Madumu ya Renatha yalilia kule chini, kro, kro.

"Lakini shemeji, wewe ndiye uliyesema livunjwe."

"Niliogopa litanilia mtoto. Mtoto amekwenda. Sasa litakula nini?" Akamtazama kila mtu wa ukoo mmoja mmoja. "Kuna anayetaka kubishana nami kuhusu mahali pa kulala? Aseme, nimsikie. Nipo hai."

Nani angesema? Kubishana na mama mzee juu ya kaburi lake ni kumwambia afe. Baba mkubwa akachukua fimbo yake. Byarugaba alisogea mpaka kwa Ma, akainama. "Pole sana, waitu mama," akasema, akaenda kwenye gari lake. Sijamwona tena upande wetu. Mikaratusi yake ya juu bado ipo na bado inakunywa.

Sikulala vizuri siku zile nikifikiria alichotoa Ma. Alimpenda baba yetu. Kila Novemba mosi alikuwa anapalilia kaburi lake na kulisemesha kama mtu aliyekaa kibarazani, na ile nafasi ya kushoto alikuwa anaipalilia pia, kwa furaha, kama kitanda kilichokwisha kutandikwa.

Matanga yalipokwisha aliniita jikoni. Mezani palikuwa na kikombe chake cha kauri chenye ukingo wa kijani, alichopewa na baba walipofunga ndoa. Akakifunga kwenye kitambaa, akachukua ile nyundo ya mpini mwekundu na kukipiga yeye mwenyewe, mara moja. Kisha akanisukumia vipande.

"Andika jina langu."

"Ma, mimi siyo fundi."

"Fundi amelala. Andika wewe."

Nilivibandika kwa saruji kwenye ile nafasi nyeupe, herufi baada ya herufi, magoti yakiuma. KLAUDIA. Dada yangu angecheka. D imekuwa na tumbo kama mjamzito, na A ya mwisho imeinama kumsalimia mtu.

"Imepinda," Ma akasema.

"Nilikwambia, Ma."

"Iache. Nitakuwa nimelala, sitaiona."

Saruji mbichi hutaka maji, la sivyo hupasuka. Kwa hiyo kila asubuhi alishuka, kwa njia ile aliyokuwa anaikwepa, akatega dumu chemchemini na kukaa juu ya kaburi lake akisali rozari, maana maji bado ni machache. Dumu likifika nusu alikuwa amemaliza. Akachota kwa kiganja, akalimwagilia jina lake.